UZI: Drafti ya AFL inakaribia, tujifunze kumsoma kijana vizuri, tuache kuangalia urefu na kuruka tu

Bwana Uwanja (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu popote mlipo. Drafti ya AFL, yani ligi kuu ya mpira wa Australia, ile siku klabu zinachagua vijana wapya kwa zamu, hufanyika Novemba, na kila mwaka ikikaribia magrupu yetu ya WhatsApp huku Melbourne yanajaa klipu za vijana, mtoto wa fulani karuka juu ya bega la mtu kadaka mpira, mwingine ana mita mbili kasoro kidogo, watu wanaandika "huyu anachukuliwa hata kesho" na mama yake anaanza kuamini, halafu usiku wa drafti unapita jina halijatajwa na mtoto wa miaka 18 anajifungia chumbani anaona maisha yameisha. Hii kitu inaniuma kwa kweli. Wikendi nasaidia kufundisha timu ya vijana huku magharibi ya jiji na naona watoto wetu, Wasudani Kusini, Wakongo, Warundi, Wasomali, wanavyosifiwa kwa vitu ambavyo sivyo vitakavyowafikisha. Ndo maana nimeona nifungue uzi.

Kwa mlioko nyumbani ambao hamjawahi kuuangalia huu mchezo: wachezaji 18 kwa 18, uwanja ni wa oval na hauna kipimo kimoja, urefu unaweza kuwa mita 135 mpaka 185. Mpira umechongoka pande mbili. Unaupiga teke au unaupiga kwa ngumi kutoka kwenye kiganja, kurusha hairuhusiwi. Ukikimbia nao lazima uudundishe au uugusishe chini kila baada ya mita 15. Milingoti ni minne, katikati ni pointi 6, pembeni ni pointi 1. Ukidaka teke lililosafiri mita 15 au zaidi bila mtu mwingine kuugusa, hiyo wanaita maki, mnasimama, unapiga kwa nafasi yako. Robo nne za dakika 20, ila saa inasimamishwa sana kwahiyo robo moja inafika karibu nusu saa. Kiungo anakimbia kilomita 12 na zaidi kwa mechi.

Sasa drafti. Klabu ya mwisho kwenye msimamo ndo inachagua ya kwanza, bingwa anachagua mwisho. Kijana lazima awe ametimiza au anatimiza miaka 18 kabla ya tarehe 31 Desemba mwaka huo. Hii imekuwepo toka 1986 na maskauti wanalipwa mshahara kufanya kazi hiyo tu, mwaka mzima wako viwanjani, na bado wanakosea. Mwaka 2004 Richmond walikuwa na chaguo namba 4 wakamchukua Richard Tambling, namba 5 Hawthorn wakamchukua Lance Franklin. Tambling alicheza mechi zaidi ya 100 pale Richmond, sio kwamba alikuwa mbovu, ila Franklin alikuja kufunga magoli zaidi ya 1000. Mwaka 2011 klabu zilimpita Lachie Neale mpaka namba 57 zikaisha, Fremantle wakamuokota namba 58, saivi ana medali mbili za Brownlow, 2020 na 2023, ile ya mchezaji bora wa msimu. Kwa nini alipitwa? Sentimita 177. Basi.

Sasa jiulize, kama wataalamu wenye video za kila mechi wanapitwa na mtu kama Neale, sisi tunaomhukumu mtoto kwa klipu ya sekunde 20 tunaona nini hasa?

Mimi nikienda kumuangalia kijana siuangalii mpira. Namuangalia yeye robo nzima hata kama mpira uko upande wa pili kabisa. Cha kwanza nataka kujua anasimama wapi KABLA mpira haujaja. Kuna mtoto anafika kwenye mpira kwa sababu ana mbio, na kuna mtoto anaukuta mpira pale alipo kwa sababu aliona sekunde tatu nyuma kwamba mwenzake ataminywa na atapiga ovyo kuelekea kona hiyo. Kwenye mechi za chini ya miaka 16 hao wawili wanaonekana sawa, wote wana mpira mara 20. Ukipandisha levo, kila mtu ana mbio, yule wa kwanza anapotea, wa pili anaendelea kama kawaida.

Cha pili mguu. Huku ndo watu wetu wengi wanakwamia na lazima tuseme ukweli. Mtoto aliyezaliwa huku kakua na ule mpira toka ana miaka 4 au 5, kwenye programu za wadogo anaudondosha mguuni maelfu ya mara. Wa kwetu ameuona akiwa na miaka 12 au 13 baada ya kuhama, yuko nyuma miaka nane ya kupiga teke tu. Angalia mkono unaoudondosha mpira, ndo siri yote ilipo, mpira ukiyumba mkononi teke lazima liyumbe. Halafu angalia mguu dhaifu akiwa na presha, sio kwenye tizi, kwenye mechi mtu anamjia upande wa kulia na lazima apige kwa kushoto.

Cha tatu anafanya nini akipoteza. Hapo sisemi sana, ukikaa uwanjani utaona mwenyewe, kuna mtoto anashika kiuno na kuna mtoto ameshageuka anamkimbiza mtu mita 40.

Nakaribisha maoni, na wazazi wenye vijana karibuni sana mniulize.

---

Chuma wa Mwanza

Mkuu uzi mzuri sana, mimi niko Mwanza huu mchezo nauona usiku kwenye YouTube tu na nimeshaupenda. Swali la kijinga kidogo, kwanini klabu yenye hela isiende tu kununua kijana mkali? Yani mtoto yuko Melbourne, timu za Melbourne ziko kibao, kwanini asaini na ya mtaani kwake?

---

Bwana Uwanja

Sio la kijinga mkuu. Hairuhusiwi. Kuna kiwango cha juu cha mishahara kwa kila klabu, na kijana hachagui, anachaguliwa. Mtoto wa Melbourne anaweza kuitwa na West Coast, anapakia nguo anaenda Perth, safari ya masaa manne kwa ndege. Harley Reid katokea Tongala huko vijijini Victoria, 2023 akachaguliwa namba 1 na West Coast, akahamia upande wa pili wa bara akiwa na miaka 18. Kwahiyo klabu ikimkagua kijana inakagua pia kama ataweza kukaa mbali na nyumbani, wanakuja mpaka nyumbani kuongea na wazazi. Jason Horne-Francis alikuwa namba 1 mwaka 2021, North Melbourne wakamtoa Adelaide, alikaa msimu mmoja tu akarudi kwao Port Adelaide. Klabu zinaogopa hiyo hali sana.

Ila kuna milango ya pembeni. Baba yako akiwa alichezea klabu mechi 100 au zaidi, hiyo klabu ina haki ya kukuchukua, klabu nyingine ikikutaja wao wanalipia kwa machaguo yao, maana kila chaguo lina thamani yake ya pointi. Nick Daicos alitajwa namba 4 mwaka 2021, Collingwood wakalipia kwa sababu baba yake Peter alikuwa nguli wao. Will Ashcroft vilevile Brisbane, baba yake Marcus. Na klabu nne za kaskazini, Sydney, GWS (Greater Western Sydney), Brisbane na Gold Coast, zina akademi zao maana kule watoto wengi wanacheza raga, kwahiyo AFL wanataka wawekeze. Gold Coast mwaka 2023 walibeba vijana wanne wa akademi yao raundi ya kwanza peke yake.

Halafu kuna mlango unaotuhusu sisi, akademi za kizazi kijacho. Hizo ni kwa watoto wa wenyeji wa asili wa Australia na watoto wa wahamiaji, mtoto aliyezaliwa Afrika au mwenye mzazi aliyezaliwa Afrika anaingia. Klabu inapewa eneo lake inafundisha watoto wa hapo.

---

Mzaliwa wa Kakuma

Kaka nimesoma hii mpaka mwisho. Mimi nimekulia Kakuma Turkana kabla ya kuletwa Perth, na nataka niongezee kitu juu ya Aliir Aliir maana huyo ni wetu, amezaliwa Kakuma 1994. Kule tulikuwa tunacheza soka na basketi, huu mpira hakuna aliyekuwa anaujua. Sasa alipoanza kuchezea AFL ulikuwa ukisikiliza watangazaji ni "mwili wake", "mikono mirefu", "anaruka", kila saa. Hata Majak Daw alipoanza North Melbourne 2013, yeye wa kwanza kabisa kuzaliwa Sudan kucheza ligi hii, ilikuwa hivohivo. Hakuna aliyekuwa anasema huyu mtu ANAFIKIRI. Na hiyo inatufanyia ubaya vijana wetu, wakiambiwa kila siku wana miguu basi wanafanya mazoezi ya miguu tu.

---

Bwana Uwanja

Ndugu yangu umegusa pale pale nilipokuwa nataka kufika na nashukuru umesema wewe uliyetokea huko.

Hebu tuitazame safari ya Aliir vizuri maana inafundisha mengi kuliko mihadhara. Sydney walimchukua 2013 chaguo namba 44, akitokea East Fremantle. Hakucheza mwaka wa kwanza, hakucheza wa pili, mechi yake ya kwanza AFL ni 2016. Mwanzoni walikuwa hawajui hata wamuweke wapi, mbele au kwenye raki, yule mrefu anayerukia mpira unapoanzishwa, maana mtu mrefu anayeruka wanakimbilia kumpeleka huko. Wakamgeuza beki. Na pale ndo akili yake ikaonekana. Kazi ya beki wa aina yake ni kumuacha mtu wake, na hii ni maamuzi ya hatari sana, unamuacha mtu wako unaenda kuudaka mpira unaotumwa kwa mtu mwingine, ukikosea ni goli rahisi na lawama zote zako. Kufanya hivyo lazima umsome mpigaji, mabega yake yameelekea wapi, kaminywa au hajaminywa, upepo unavuta wapi. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, 2021 akaingia kikosi bora cha ligi nzima. Miaka nane toka achaguliwe. Aliyemtazama 2013 akaona miguu tu aliona kitu cha kweli, lakini kile kilichomfanya awe beki wa kuogopwa hakikuwa kwenye karatasi ya vipimo.

Kwahiyo nikisikia mtangazaji au kocha anasema mtoto wetu ni "mwanariadha tu, atafundishwa mpira baadae" nakasirika, maana hilo neno linaamua atafundishwa nini. Mtoto akishaitwa hivo anawekwa kwenye raki aruke, haambiwi acheze kiungo ajifunze kusoma msongamano, hapewi nafasi ya kukosea. Mwenzake mfupi mweupe anaitwa "ana akili ya mpira" akiwa na miaka 13 na anapewa mpira acheze nao. Wote wawili wanakua kuelekea kule walikoelekezwa. Sisemi makocha wote, nimefanya kazi na wengine wazuri mno, ila hiyo tabia ipo na tusiifiche.

---

Vipimo Havidanganyi

Wakuu naomba nipingane kidogo kwa heshima. Mimi nipo kwenye mambo ya sayansi ya michezo. Urefu haufundishiki, kuruka kunafundishika kidogo tu, mbio za mita 20 ukiwa na sekunde 3.1 hutazishusha mpaka 2.9 hata ukeshe jimu. Kupiga teke kunafundishika. Kwahiyo klabu ikiwa na chaguo moja na vijana wawili ni akili kabisa kuchukua kile kisichofundishika. Leek Aleer 2021 pale kombaini, vile vipimo vya vijana kabla ya drafti, aliruka sentimita 107 kwa kuanzia mbio, rekodi, GWS wakamchukua namba 15. Mac Andrew mwaka huohuo, kazaliwa Cairo, familia Sudan Kusini, mwaka ambao Victoria mechi zilifutwa futwa kwa sababu ya korona, hakuwa na mechi nyingi za kumuonyesha na bado Gold Coast walimchukua namba 5. Saivi ni nguzo ya beki yao. Hiyo si ilikuwa kununua mwili?

---

Bwana Uwanja

Mkuu nakuheshimu na hoja yako ina nguvu, sijaja kusema vipimo vitupwe. Kombaini ya Oktoba ina maana yake, wanapima urefu, uzito, urefu wa mikono, mita 20, kuruka ukiwa umesimama na ukiwa umekimbia, kukata kona, na kilomita 2. Hiyo ya kilomita 2 mimi naithamini kuliko kuruka, maana inakuambia mtoto amefanya nini miezi yote hakuna anayemuona. Kijana anayemaliza karibu na dakika 6 ana mapafu ya mchezo huu.

Ila kwa Mac Andrew hapana. Nilimuona akiwa kijana wa Dandenong Stingrays na kilichonishangaza ni namna anavyoushughulikia mpira ukiwa chini. Mtu wa mita mbili mpira ukidondoka kwenye majani kawaida anakuwa mzigo, anainama polepole, wafupi wanamuibia. Yeye alikuwa anainama anaokota kwa mguso mmoja, anageuka, anatoa. Hiyo ni mikono na macho, na wengi wa urefu huo hawana. Klabu ya Melbourne ndo waliomkuza kwenye akademi yao, ila mwaka huo sheria ilisema klabu haiwezi kulinda kijana wa akademi hizo ndani ya machaguo 20 ya kwanza, kwahiyo waliishia kutazama Gold Coast wakimbeba. Unafikiri klabu inamlilia hivyo mtoto anayeruka tu? Wanaoruka wapo wengi.

Na hoja ya "kisichofundishika" ina upande wa pili. Unasema teke linafundishika. Ni kweli, lakini kusoma mchezo kunachukua muda mrefu kuliko teke, na mtu akishafika ligi kuu hakuna muda wa kumfundisha kuanzia mwanzo, Jumamosi kuna mechi. Wengi wanaochaguliwa kwenye drafti kuu wanaanza na mkataba wa miaka miwili, miaka miwili inapita haraka sana kama mwaka wa kwanza wote uko na timu ya akiba unajifunza kusimama wapi.

Halafu angalia waliopitwa kwa sababu ya vipimo. Patrick Cripps 2013 namba 13, wengi walisema miguu mizito. Ana Brownlow mbili, 2022 na 2024. Caleb Daniel sentimita 168, namba 46 mwaka 2014, miaka miwili baadae ni bingwa na Western Bulldogs, 2020 yuko kikosi bora cha ligi. Joel Selwood alikuwa ameumia goti mwaka wake wa drafti, klabu sita zikamuogopa, Geelong namba 7, mechi 355 na makombe manne. Goti lake lilikuwa kwenye karatasi, moyo wake haukuwepo.

---

Vipimo Havidanganyi

Nimekuelewa mkuu. Ila kwa Selwood hiyo ni ripoti ya daktari, sio kipimo cha uwezo, tusichanganye. Na bado nasema kwa mabeki na watu wa raki urefu ni tiketi ya kuingia. Mtu wa sentimita 185 hata asome mchezo vipi hawezi kumkaba mtu wa 200 mpira ukiwa juu.

---

Bwana Uwanja

Hapo tuko pamoja kabisa. Urefu ni tiketi. Mimi naongelea baada ya kuingia mlangoni.

Na kuna kitu kingine hatujakigusa, miezi ya kuzaliwa. Drafti inakata Desemba 31. Kijana wa Januari na kijana wa Desemba wa mwaka huohuo wanapimwa kama wenza wakati mmoja amemzidi mwenzie miezi 11, kwenye umri wa miaka 17 hiyo ni kilo na sentimita za kutosha. Nat Fyfe amezaliwa Septemba, 2009 alikuwa kijana mwembamba kutoka Lake Grace, mji wa wakulima huko Western Australia, akachukuliwa namba 20. Mwili ulimjia baadae. Brownlow 2015, Brownlow 2019. Kwahiyo mkiangalia kijana ulizeni amezaliwa lini, na muangalieni baba yake na kaka zake wana mwili gani. Mtoto aliyeota ndevu na miaka 14 akawabeba wenzake begani, nampa pongezi, ila namsubiri wenzake wamfikie kimo nione atabaki na nini.

---

Mama Tarneit

Shikamoo Bwana Uwanja, nimekuwa nasoma kimya kimya siku zote leo nimeona niulize maana mambo yamenifika. Nina kijana ana miaka 16, sisi ni Wakongo wa Uvira tulipita Nyarugusu Tanzania ndo tukaja huku. Ameanza huu mpira ana miaka 13 shuleni, saivi ana sentimita 197. Kila mtu kanisani ananiambia mama huyu ni hela hiyo. Kuna shule binafsi imetupigia inataka kumpa nafasi ya kusoma bure acheze timu yao, na kuna mtu mmoja amekuja anasema yeye ni wakala, nitoe pesa kidogo amtengenezee video na kumuunganisha na klabu. Baba yake anataka, mimi roho inasita. Sijui huu mchezo, najua mtoto wangu tu. Nisaidieni.

---

Bwana Uwanja

Marahaba mama, na hongera kwa kumlea.

La wakala kwanza. USITOE HATA DOLA. Mawakala wa AFL wanathibitishwa kupitia chama cha wachezaji, majina yao unaweza kuuliza, na wakala halali analipwa kutokana na mkataba wa mchezaji, hamtozi mama wa mtoto wa miaka 16 hela ya video. Klabu haiuzi nafasi. Maskauti wana video zote wanazotaka.

La shule. Hizi shule kubwa za binafsi za Melbourne kweli zinatoa hizo nafasi na vijana wengi wamepita huko, mazingira ni mazuri, makocha wengine walicheza ligi kuu wenyewe. Lakini uliza maswali ya mzazi. Akiumia goti mwaka wa kwanza, nafasi ya kusoma inabaki? Andikisheni hilo. Atasafiri muda gani kila siku kutoka Tarneit? Masomo yake yakoje, atapata msaada wa Kiingereza cha kuandika? Mama, mtoto anayelala saa tano za usiku kwa sababu ya treni hawezi kukua, na miaka 16 ndo anakua.

Njia ya kawaida ipo na haina gharama kubwa. Ligi ya vijana ya Coates ina timu za kila eneo, huku kwetu magharibi ni Western Jets, mwambie kocha wa klabu ya mtaani ampendekeze. Huko akifanya vizuri anaitwa timu ya Vic Metro, ya vijana wa Melbourne, inayocheza mashindano ya taifa ya chini ya miaka 18, na pale ndo maskauti wa klabu zote 18 wanakaa na madaftari. Pia ulizeni klabu gani ina akademi ya eneo lenu, maana mwanao kwa asili yake anastahili.

Na sentimita 197 usiache imfanye awe raki tu. Mwambie kocha amuweke na nyuma, na hata kiungo mechi mbili tatu. Atakosea, na aachwe akosee akiwa na miaka 16, huu ndo umri wake.

---

Mzaliwa wa Kakuma

Mama mimi nakuongezea jambo moja. Muulize mtoto mwenyewe kama anaupenda. Nimeona vijana kule Perth wanacheza kwa sababu jamii nzima imewaambia watawakomboa, mzigo huo ni mzito, mtoto anaingia uwanjani amebeba kodi ya nyumba ya wazazi na arusi ya dada yake. Akikosa drafti anaona ameangusha ukoo. Huyo hawezi kucheza kwa uhuru, na ukiwa huna uhuru unasita, ukisita nusu sekunde umeshakabwa.

---

Mama Tarneit

Mwanangu umenitoa machozi. Nilimuuliza jana usiku. Amesema anapenda ila anaogopa kusema mbele ya baba yake kwamba anataka pia kusomea ufundi umeme. Na Bwana Uwanja, akikosa akiwa na miaka 18 ndo basi?

---

Bwana Uwanja

Sio basi hata kidogo mama na ufundi umeme aendelee nao, wachezaji wengi wa ligi za majimbo wanafanya kazi za mikono mchana na tizi jioni.

Matt Priddis alipitwa kwenye drafti zaidi ya mara moja, akawa anacheza WAFL, ligi ya jimbo kule Perth, West Coast wakamchukua kwenye ile drafti ndogo ya wanagenzi, 2014 akashinda Brownlow. Marlion Pickett alikuwa na miaka 27, maisha yamemtikisa mpaka jela amekaa akiwa kijana, Richmond wakamchukua kwenye drafti ya katikati ya msimu 2019, na mechi yake ya KWANZA kabisa ya AFL ilikuwa fainali kuu pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, mbele ya watu laki moja, wakashinda kombe. Max Gawn namba 34 akiwa na goti bovu. Dane Swan namba 58 mwaka 2001, Brownlow 2011. Na Tasmania wanaingia ligi 2028 kama klabu ya 19, maana yake nafasi zinaongezeka kipindi hichohicho mwanao atakuwa anakomaa.

Watu wa raki na mabeki warefu wanachelewa kuiva, hiyo kila skauti anajua. Wengi wanaanza kucheza vizuri wakiwa na miaka 22, 23. Mtoto aliyeanza na miaka 13 mpe mpaka hapo kabla hujasema lolote.

---

Chuma wa Mwanza

Nimejifunza mengi humu. Mkuu sasa huyo kijana wa mama Tarneit kwa miezi hii afanye nini haswa, maana wengine tunataka kujua kazi yenyewe.

---

Bwana Uwanja

Mpira mmoja, ukuta mmoja, mguu wa kushoto kama yeye ni wa kulia. Kila siku dakika 20, hatua kumi kutoka ukutani, audondoshe mpira ukiwa wima kabisa, kidole cha mbele kifuate mshono, apige kwenye alama ileile. Asiongeze umbali mpaka mpira uache kuyumba. Mpira ukirudi kutoka ukutani audake kwa mikono mbele ya uso, sio kifuani, maana mrefu anayedaka kifuani anaupoteza bure urefu wake.

Jumapili akae na mechi moja ya ligi kuu, achague beki mmoja mrefu, amfuate huyo tu robo mbili nzima, na kila mpigaji anapojiandaa asimamishe video aseme kwa sauti mpira utaenda wapi, halafu aachie. Wiki za mwanzo atakosea karibu zote. Aandike kwenye daftari kwa nini aliona vile.

Na mama, nimekutumia PM. Jumamosi niko kwenye mechi za vijana huku Werribee, mlete, nitakaa naye pembeni robo ya tatu na ya nne tuangalie pamoja, baba yake naye aje.